Geti likilia, mwanangu anaacha kucheza. Wazazi wenzangu, tuongee kuhusu amani ya nyumbani

#1 Mleta uzi, Pasua, Moshi

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Jambo lenyewe nimelibeba wiki ya tatu sasa na naona nikiendelea kulinyamazia litanila.

Jumanne moja niliwahi kurudi. Kwa kawaida nafika nyumbani saa mbili usiku, siku hiyo saa kumi na moja na nusu nilikuwa nimeshashuka kwenye bodaboda pale njia panda, nikamalizia kwa miguu. Geti letu ni la bati, la zamani, lina tundu karibu na komeo. Kabla sijagusa komeo nikachungulia, hata sijui kwa nini. Mwanangu wa miaka sita alikuwa amechuchumaa uwanjani. Amechora barabara kwenye vumbi kwa kijiti, amepanga vizibo vya soda kama ishirini hivi, viko kwenye foleni. Anaongea peke yake, yeye ndiye konda. "Himo, Himo, Himo! Mama ingia, siti ipo." Nikatabasamu. Nikavuta komeo.

Aise, yule mtoto hakugeuka hata kuangalia ni nani. Aliposikia tu chuma kinakwaruza alizoa vizibo vyote kwa mikono miwili, akafuta barabara kwa unyayo, akaingia ndani. Nilipofika sebuleni nilimkuta kwenye kochi, mikono juu ya magoti, TV imezimwa. "Shikamoo baba." Nikaitikia. Nikapita chumbani, nikakaa kitandani na viatu vyangu mguuni.

Nilikaa kwa sababu yule mtoto namjua. Ni mimi.

Nimekulia hapa hapa Moshi. Mzee wangu, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa lori na watu wa barabarani wanamsifu mpaka leo kwa utu wake. Ndani alikuwa mtu mwingine. Sisi watoto wanne tulikuwa tunajua usiku utakuwaje kwa namna komeo lilivyosukumwa. Likisukumwa taratibu, amekuja na nyama, tutakula, atauliza habari za shule. Likipigwa kwa nguvu, dada anazima redio, mama anafunika chakula, mimi najifanya nimelala. Nimejifanya nimelala miaka mingi kiasi kwamba hata leo, na umri huu wa miaka thelathini na saba, nalala sikio moja likiwa macho. Paka akiruka juu ya bati mimi nimeshakaa kitako.

Na majirani walikuwa wanatusifia. "Watoto wa nyumba ile wametulia." Ni kweli tulikuwa tumetulia. Vifaranga navyo hutulia mwewe akipita.

Nilipooa niliapa sitampiga mke wangu, na sijawahi kumpiga. Nikajiona nimeshamaliza kazi, nimekata ule mnyororo. Kwa hiyo jioni ile nilimfuata mama watoto jikoni, alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwuliza, hivi mtoto ananiogopa? Hakuinua macho. Akaniambia, "Wewe huisikii sauti yako. Sisi tunaisikia."

Kisha akanieleza kuhusu Alhamisi. Nina duka dogo la vipuri vya pikipiki, nilikopa kwenye kikundi kuongeza mtaji, na marejesho ni kila Alhamisi. Siku hiyo nikirudi nimepungukiwa, ndani kila kitu kina kosa. Chumvi imezidi. Viatu vimeachwa mlangoni. Taa ya nje inawaka mapema na umeme wa LUKU unakwisha. Simgusi mtu. Nabamiza mlango, nafoka, halafu nanuna siku mbili. Mimi nilidhani kununa kwangu ni kuwapumzisha. Mke wangu anasema zile siku mbili ndizo nzito kuliko makelele, kwa sababu hawajui zitaishia wapi.

Nilikokuwa nimekosea ni hapa. Nilidhani nyumba yenye amani ni nyumba isiyo na ugomvi wala kelele. Lakini kwetu tulipokulia palikuwa kimya kabisa, na hakuna aliyekuwa salama. Sasa naona amani ni pale ambapo mtu wa ndani hangojei kitu kibaya. Amevua mzigo, amejinyoosha, anaweza hata kulia kwa sauti akitaka.

Naomba kuwauliza mliowahi kubadilisha hali ya nyumba zenu, mlianzia wapi? Kusali nasali. Nataka kujua mnafanya nini mkiwa pale getini, dakika ile kabla ya kuingia.

#2 Mchangiaji, Moshi

Nimesoma nikafika kwenye vizibo, nikaweka simu chini. Nimerudi baada ya nusu saa. Umeandika nyumba yetu ya Soweto hapa hapa Moshi, miaka ya tisini, ila kwetu ilikuwa mlio wa funguo.

#3 Mchangiaji, Sombetini, Arusha

Mkuu pole, lakini mimi nitasema ninachoamini. Mtoto kukusanya michezo na kukaa vizuri baba akiingia ni adabu. Tumelelewa hivyo, tumechapwa, na tumekuwa watu, tunalisha familia. Hawa chalii wanaozurura stendi saa tano usiku ni wale ambao nyumbani hakuna wanayemwogopa. Ukishakuwa rafiki wa watoto wako nyumba inakosa kichwa. Usijilaumu kupita kiasi.

#4 Mleta uzi

Nimekuelewa ndugu yangu, na sikujibu kwa hasira. Shikamoo naitaka, na kazi za nyumbani anafanya. Ila nikupe kitu kimoja upime mwenyewe. Mwezi uliopita huyu mtoto alijikata na bati chini ya unyayo. Alikuwa anacheza nyuma ya banda ambako nilimkataza. Akafunga kidonda na kipande cha mfuko wa rambo, akavaa soksi, akatembea nacho siku tatu. Tuligundua kwa harufu. Usaha ulikuwa umeshatunga, tukampeleka kusafishwa na kuchomwa sindano ya pepopunda.

Mtoto anayeniheshimu angekuja kuniambia "baba nimekosea, nimeumia." Wangu aliona bora mguu uoze.

#5 Mchangiaji, muuguzi, Arusha

Habari za usiku. Mimi ni muuguzi, mwaka wa kumi na moja kazini. Nimesoma uzi huu nikiwa zamu, wodi imetulia kidogo, ngoja niandike.

Kaka mleta uzi, hilo la kulala sikio moja likiwa macho ni mwili unavyofanya kazi kweli. Mtu akihisi hatari, tezi zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia kwenye misuli, tumbo linasimamisha shughuli zake. Nyuma yake inafuata kotisoli, inayopandisha sukari kwenye damu ili upate nguvu. Ukikutana na nyati kule Ngurdoto utashukuru kuwa navyo. Nyati akiondoka, mwili unashuka taratibu, unarudi kawaida. Tatizo ni pale nyati anapokuwa na funguo za nyumba.

Mtoto anayesubiri komeo kila jioni hashuki. Usingizi unakuwa mwepesi, chakula anakichezea, darasani mwalimu anafundisha na yeye masikio yako kwenye kiti kilichosogezwa nyuma yake. Wanamwita mzito wa kuelewa. Ana kazi nyingine kichwani, ya ulinzi.

Na msijidanganye kwamba wadogo hawaelewi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walipima ubongo wa watoto wachanga wa miezi sita hadi kumi na miwili wakiwa wamelala ndani ya mashine. Waliwasikilizisha maneno yasiyo na maana, mara kwa sauti ya kawaida, mara kwa sauti ya hasira. Wale ambao wazazi wao hugombana sana, ubongo wao uliitikia zaidi ile sauti ya hasira, tena kwenye sehemu zinazoshughulika na hisia na msongo. Wamelala, jamani. Lile neno letu la "ngoja watoto walale ndipo tuongee" mimi nililiacha siku niliyosoma utafiti huo.

Kuna mwingine mkubwa zaidi wa mwaka 1998, wa Vincent Felitti na Robert Anda, uliofanyika California. Waliuliza zaidi ya watu wazima 9,500 mambo ya utotoni: kupigwa, kutukanwa, kuona mama akipigwa, kuishi na mlevi. Kadiri mtu alivyokuwa amepitia mengi ya hayo, ndivyo sonona, ulevi, hata magonjwa ya moyo yalivyokuwa mengi kwake ukubwani. Aliyekulia hivyo hajalaaniwa, wapo wengi walionyooka. Ila mwili unaweka kumbukumbu.

Mimi hayo nayaona kwa macho kabla ya vitabu. Anakuja mama na kichwa kisichopona, presha inapanda na kushuka, vipimo vyote safi. Ukivuta kiti, ukamwuliza kwa upole "nyumbani mnaishije?", anaangalia mlango kwanza. Huwa najua jibu hapo hapo. Au analetwa mtoto wa miaka minane aliyekuwa ameshaacha kukojoa kitandani na sasa ameanza tena. Tunapima mkojo na sukari kwanza, lazima, kwa sababu ugonjwa upo. Vikiwa sawa, nauliza nani amehamia, nani ameondoka, nani anagombana na nani.

La mwisho, na hili ni la huku kwetu Afrika Mashariki. Katikati ya miaka ya 1950 mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliishi Uganda, akawa anawatembelea akina mama wa Kiganda na watoto wao vijijini karibu na Kampala, anakaa nao tu, anatazama. Aliona mtoto mwenye uhakika na mama yake ndiye anayethubutu kutambaa mbali. Anakwenda kuchezea kitu, anageuka kumtazama mama, anarudi kugusa magoti, anaondoka tena. Aliyekosa uhakika hang'oki, au analia muda wote. Kwa hiyo usipime kwa shikamoo. Pima kwa vizibo. Mtoto akiendelea kucheza wewe ukiwa umesimama pale, ujue amekuamini.

#6 Mchangiaji, Ngarenaro, Arusha

Nyie wenzetu mna geti lenu. Sisi wa nyumba za kupanga tuna vyumba saba, bafu moja na mita moja ya LUKU. Ugomvi wetu ulikuwa unaanza siku umeme ukikatika. Nani ana friji, nani anapiga pasi usiku, nani hajatoa mchango. Mama mmoja alikuwa anasimama mlangoni kwa mwenzake anapiga kelele mpaka watoto wa vyumba vyote wanatoka kuangalia. Mke wangu alifika mahali akawa hataki kutoka chumbani kuanika nguo.

Tulichofanya: tulimwomba mama mwenye nyumba, tukachanga, kila chumba kikafungwa submita. Daftari likaning'inizwa kwenye msumari karibu na bomba, kila mtu anaandika alichosoma na alichotoa. Matusi yalikwisha mwezi huo huo. Hatukupendana zaidi, ila kilichokuwa kinatugombanisha kiliondoka. Nimeandika hili kwa sababu wakati mwingine tunasema fulani ana hasira, kumbe ni bafu moja watu ishirini.

Kelele za baa iliyo nyuma yetu bado zinatushinda. Mwongozo wa kelele za usiku uliotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa nchi za Ulaya mwaka 2009 unasema nje ya nyumba wastani usizidi desibeli 40, na watu wawili wakiongea kawaida tu ni kama 60. Sisi saa saba usiku vioo vinatetemeka. Tumeshakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa mara mbili, tutakwenda tena.

#7 Mchangiaji, Sakina, Arusha

Naomba niseme upande ambao haujasemwa. Naogopa kuna dada atasoma hapa akaelewa kwamba amani ya nyumba ni kazi yake ya kunyamaza.

Niliishi miaka tisa na mtu aliyekuwa ananipiga. Kila nilikokwenda kulia niliambiwa ndoa ni kuvumiliana. Nikavumilia mpaka nikajifunza kupika bila kugonganisha sufuria. Mjue hicho ni kitu kinachofundishika: unaweka kitambaa katikati ya sufuria na sufuria, mwiko hauugongi ukingoni, unaufuta kwa kidole. Nyuma ya mlango wa stoo niliweka begi la shangazi kaja. Ndani yake vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, sare moja moja, na elfu arobaini ndani ya soksi. Lilikaa pale mwaka mzima na miezi miwili.

Siku niliyoondoka sitaieleza. Tulipanga chumba kimoja, godoro chini, jiko la gesi la kilo sita. Usiku wa kwanza mwanangu mkubwa aliangusha kikombe, kikapasuka. Sote watatu tuliganda. Tukatazamana. Tukasubiri. Hakuna aliyekuja. Yule mdogo akaanza kucheka, kaka yake naye, na mimi nikacheka huku machozi yanatoka, majirani lazima walitushangaa. Tangu siku hiyo chumba kile, bati linavuja na yote, ndiyo nyumba ya kwanza niliyowahi kuwa nayo.

Kwa dada anayesoma: kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hata kama kuna mila inayoruhusu, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Imeandikwa tangu mama zetu ni wasichana. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, omba PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, katibiwe, weka nakala mbali na nyumba. Mtoto akitaka msaada au jirani akiona mtoto anateswa, 116 inapigwa bure. Na usiondoke kwa kutangaza. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, panga, ndipo uondoke. Ule utafiti mkubwa wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili. Hauko peke yako kwenye mtaa wako, hata kama mtaa umekaa kimya.

Kaka mleta uzi, nimelia na uzi wako. Laiti yule mtu angechungulia kwenye tundu hata mara moja.

#8 Mchangiaji, Old Moshi

Wanangu hamjambo. Naandikiwa na mjukuu wangu, macho yangu hayawezi hizi herufi.

Nimezaa saba, na babu yenu alikuwa mkali. Sitamsema vibaya, lakini mjue kuwa kwetu Uchagani nyumba haikuachwa iendeshwe na hasira ya mtu mmoja. Mnaiona mimea ya isale iliyopandwa mipakani mwa vihamba? Vijana wa siku hizi wanaijua kama mpaka tu wa shamba. Mtu akikosana na mwenzake alikata jani la isale, akalipiga fundo, akalipeleka au akamtuma mtu alipeleke. Ukiletewa isale hukatai kirahisi. Unaweza kuwa umechomwa mpaka kwenye mfupa, lakini unakaa kitako, mnaongea.

Siku moja babu yenu alitupa chungu cha chakula nje, mbele ya watoto, kwa jambo la ng'ombe. Alilala kwa kaka yake. Asubuhi, mimi nakata majani ya migomba kwa ajili ya mifugo, nikamwona anapanda kando ya mfongo, ule mfereji wetu wa maji. Amekuja mwenyewe, hakutuma mtu, ameshika isale. Na hakunipa nyuma ya nyumba. Aliwaita watoto wote, mpaka aliyekuwa mgongoni, akanipa mbele yao. Ugomvi waliuona, na mapatano wakayaona. Mwanangu wa tatu ana miaka zaidi ya sitini sasa. Cha chungu alishakisahau, cha isale anakisimulia kila Desemba.

Na Desemba yenyewe hiyo inakuja. Mtapanda wote kutoka Dar na Mwanza, magari yatajaa, mtachinja, na jioni ya pili mtaanza ya mipaka ya kihamba mbele ya wajukuu. Acheni. Kama kuna la kusema, semeni mchana, mkiwa hamjagusa mbege, pombe yetu ya ndizi.

#9 Muuguzi, Arusha

Bibi, shikamoo. Nimesoma ya isale mara mbili. Mtafiti wa Marekani E. Mark Cummings amefanya kazi miaka mingi juu ya jambo hilo hilo: watoto wanaoona wazazi wakigombana huumia, lakini wakiona na mapatano yenyewe, maumivu yanapungua sana. Na kuna jambo amelikuta ambalo mleta uzi ameambiwa na mkewe jikoni, kwamba kununiana nako watoto wanakusikia. Sisi wengi tunagombana sebuleni tunapatana chumbani. Mtoto anabaki na nusu ya hadithi.

#10 Mchangiaji, Sombetini, Arusha

Mimi ndiye niliyeandika kule juu kuhusu adabu. Bado naamini mtoto lazima aelekezwe. Ila jana nilimwuliza binti yangu wa darasa la sita, ukipata tatizo shuleni utamwambia nani wa kwanza. Akataja mama, akataja shangazi yake, akataja mwalimu wa Jumapili. Akanyamaza. Nikamwambia na mimi je? Akasema, "Na wewe baba," haraka haraka, kama mtu anayejibu polisi. Sijalala vizuri.

#11 Mleta uzi (mrejesho)

Wakuu, imepita miezi miwili kasoro. Niliahidi kwenye meseji za wengi kwamba nitarudi kueleza.

Kwanza, nilichukua lile la mwenzetu wa Ngarenaro la kuondoa kinachogombanisha. Nilikwenda kwenye kikundi nikaeleza hali yangu bila kuficha, wakaniruhusu nilipe kidogo kidogo kwa muda mrefu zaidi. Riba imeongezeka, lakini Alhamisi imekuwa siku kama nyingine. Sikujua kiasi gani cha hasira yangu kilikuwa ni hesabu tu.

Pili ni isale. Mimi sikukata jani, sina hata mmea mmoja hapa Pasua. Ila Jumapili moja baada ya chakula nilimwomba mke wangu msamaha watoto wakiwa mezani. Nilitaja vitu kwa majina yake: kubamiza mlango, kununa siku mbili, maneno fulani niliyomwambia kuhusu kwao. Mikono ilikuwa inatetemeka kuliko siku ya kutoa mahari. Binti yangu mkubwa, wa miaka kumi na mmoja, hakusema neno, alikuwa anakwangua ukoko kwenye sahani. Usiku akaja kuniuliza kama nitarudia. Nilimwambia naweza kurudia, na nikirudia aniambie. Wiki mbili baadaye nilifoka kwa sababu ya maji kumwagika karibu na soketi. Akasimama mlangoni akasema, "Baba, umerudia." Nikatoka nje nikazunguka nyumba. Nikarudi nikasema samahani.

Tatu, pale getini. Hapa nilipata shida mpaka nikakumbuka kitu ambacho sisi wote tunakifanya kwa watu wengine. Sasa nikifika sivuti komeo. Nasimama, navuta pumzi mpaka mabega yashuke, halafu napiga hodi. Kwenye nyumba yangu mwenyewe. "Hodi wenyewe!" Siku za mwanzo walinyamaza, hawakujua wajibu nini. Siku ya nne au ya tano sauti ndogo ikaitikia kutoka uani, "Karibu!" Na komeo nalo nimelipaka grisi, halikwaruzi tena.

Sitaki mdhani mambo yamekwisha. Juzi niliangusha spana sakafuni na yule mdogo aliruka, mikono kichwani. Na mimi mwenyewe bado paka akipita juu ya bati naamka. Muuguzi alinishauri nikaongee na mtaalamu wa afya ya akili, nimeshakwenda mara mbili hapa hapa mjini, mara ya kwanza nilishindwa kusema kitu nikabaki naangalia viatu vyangu.

Lakini jana. Nimefika saa kumi na mbili, nimepiga hodi, nimeitikiwa karibu, nimeingia. Barabara imechorwa kutoka kwenye bomba mpaka karibu na ngazi, vizibo vimejaa njia nzima. Hakuzoa hata kimoja. Nikainua mguu nipite kwenda ndani, akanyoosha mkono bila kuniangalia.

"Baba usikanyage hapo. Hapo ni Kiboriloni, leo ni siku ya soko, watu ni wengi."

Nikasimama na mfuko wa mkate mkononi. Nikamwuliza nitapitaje sasa. Akafikiri. Akasema nisubiri kwanza magari ya Himo yapite.

Yalikuwa tisa.